Wifi Yangu Marehemu

Arsinoe, tarehe 9 Hathuri, mwaka wa nne wa mabwana zetu Makaisari

Thaubasti kwa mdogo wake Nemesioni, tabibu wa Iskandaria, salamu nyingi.

Kabla ya yote naomba barua hii ikukute mzima. Kila siku nakuombea kwa bwana wetu Sobeki. Juzi nilimpelekea mkate wa asali kwa jina lako, akaula wote kisha akafumba macho. Makuhani wanasema mamba akifumba macho ni dalili ya heri. Mimi nasema ni dalili ya shibe, lakini mjane wa kuhani hapaswi kusema hivyo mbele za watu.

Huku wote wazima ila goti langu. Mto ulijaa vizuri, shamba la marehemu mume wangu limepandwa ngano, na mpangaji ni mwizi kama alivyokuwa mwaka jana. Nisalimie mkeo Senamuni. Mwambie wifi yake bado anangoja ile shuka aliyoahidi kunifumia tangu siku ya harusi. Tulikuonya kwamba unashuka ngazi ukioa binti wa mfumaji. Sasa kama hata kufuma hawezi, ulioa nini hasa?

Wasafiri wanasema mjini kwenu kuna maradhi mabaya. Niambie ukweli wake, maana watu wa mashuani huongeza chumvi.

Lingine ni la kukuchekesha. Nyuma ya karakana ya wapaka rangi kumeingia kikundi cha hao wanaoitwa Wakristo. Nilikuwa napita, nikachungulia. Nilikuta mfua nguo, watumwa wawili, mjane wa mvuvi, na yule mama muuza vitunguu mwenye chongo. Ndio hao wanaotaka kuwafundisha watu habari za mbinguni. Wanaitana kaka na dada. Muuza vitunguu akaniona, akasema, "Karibu ndani, dada." Nikamwambia, "Mama yangu alizaa wawili tu, na wewe humo tumboni sikukukuta."

Wanamwabudu seremala wa Kiyahudi aliyetundikwa na askari. Mimi nadhani mungu huchaguliwa kama punda, kwanza unamtazama meno. Wa kwetu meno anayo.

Uwe salama.


Iskandaria, tarehe 2 Koiaki

Nemesioni kwa dada yake Thaubasti, salamu na afya njema.

Naomba kwa bwana Serapisi goti lako lipate nafuu. Likande kwa mafuta ya haradali, na usipande ngazi kwa ajili tu ya kuchungulia majirani.

Uliyosikia ni kweli, na wala hawakuongeza chumvi. Maradhi huanza na tumbo kuachia, halafu homa, macho yanakuwa mekundu kama nyama mbichi. Wachache wanaopona hubaki viziwi au vipofu. Wenye uwezo wamekwenda mashambani. Wengine tunafanya linalowezekana, na kubwa ni kumtenga mgonjwa na wazima. Nyumba nyingi zenye busara humtoa nje mapema. Machoni pa mtu asiyesoma ni ukatili. Sisi matabibu tunajua ni kanuni.

Hao Wakristo wako wapo huku pia, tele. Nao ndio wanaoharibu kanuni. Sisi tukitoa wagonjwa, wao wanaokota. Wanawabeba mikononi, wanawafuta matapishi, wanawafumba macho, na baada ya wiki wanabebwa wao. Nilimsimamisha mmoja, mchimba makaburi, nikamuuliza, "Mnawapa dawa gani?" Akaniambia, "Maji, mheshimiwa. Na uji wa shayiri akiweza kumeza." Nilicheka mpaka kitambaa changu cha siki, cha kuzuia hewa mbaya, kikaniponyoka puani. Miaka kumi na miwili nimesomea utabibu, na huyu ana sufuria la uji.

Usiwahofu. Watu wanaokimbilia kifo namna hiyo watakwisha wenyewe.

Senamuni anakusalimu. Leo amechoka kidogo, ndiyo maana hakuongeza neno lake hapa chini.


Kanopo, tarehe 21 Koiaki

Nemesioni kwa dada yake Thaubasti.

Sina habari njema. Mke wangu Senamuni amefariki. Nilifanya yote ambayo elimu yangu inaruhusu. Amepata mazishi ya heshima, ya mke wa tabibu na si ya binti wa mfumaji. Sasa niko huku Kanopo, kwenye bustani ya rafiki yangu mmoja, najipumzisha na huzuni. Usihangaike kuja, njia si salama.


Arsinoe, tarehe 14 Tubi

Thaubasti kwa mdogo wake Nemesioni, pole.

Naomba kwa Sobeki akutie nguvu. Nimekata nywele zangu, nimevaa nguo ya msiba, nimetoa bata wawili hekaluni. Sikumpenda, wewe unajua na yeye alijua. Alikuwa anacheka na mdomo wazi, na hakuwahi kujua kunyamaza mbele ya wakubwa. Lakini wifi ni wifi. Anapokufa mtu uliyezoea kumsema, mdomo unabaki hauna kazi.

Huku baridi imeingia. Mpangaji ameleta ngano yenye mchanga. Wakristo wa kule nyuma wameongezeka. Mfua nguo kamleta mkewe, mkewe kamleta shangazi yake. Wanaongezeka kama panya ghalani.

Uniandikie kaburi la Senamuni liko upande gani, ili nimwombee nikielekea huko. Na uniambie nani alimfumba macho. Mama alituachia desturi, lazima awe ndugu.


Arsinoe, tarehe 17 Famenothi

Thaubasti kwa mdogo wake Nemesioni, salamu.

Naomba uwe mzima. Miezi miwili imepita na hujanijibu kuhusu kaburi. Mimi ni mzima, goti vilevile. Nyumbani kwangu nina mgeni aliyetoka huko kwenu, kwa hiyo jikoni kuna kazi kidogo.

Wanawake wa huku wananiuliza habari za msiba, nami sina la kuwajibu. Kwa hiyo niandikie vizuri. Je, Senamuni alikata roho kitandani mwake? Ulikuwepo? Alisema nini? Ulihamia Kanopo kabla ya mazishi au baada yake?

Jibu kwa mkono wako mwenyewe, usimpe karani. Kama kuna neno ambalo hukuweza kuliandika mara ya kwanza, liandike sasa. Mimi ndiye niliyekubeba mgongoni mama alipokuwa mgonjwa. Uchafu wako nilikwisha kuuosha zamani, hakuna mpya utakaonishangaza. Lakini nataka niusikie kwako.


Iskandaria, tarehe 10 Farmuthi

Nemesioni kwa dada yake Thaubasti, salamu nyingi.

Nafurahi u mzima. Mimi nimesharudi mjini, maradhi yamepungua mtaani kwetu, namshukuru Serapisi.

Maswali yako yamenisikitisha. Yanafanana na ya karani wa mahakama kuliko ya dada. Lakini ili uwanyamazishe hao wanawake wako: ndiyo, alikufa kitandani mwake. Mkono wake ulikuwa mkononi mwangu mpaka mwisho, na neno lake la mwisho lilikuwa jina langu. Mimi mwenyewe nilimfumba macho. Alivikwa kitani safi na kupakwa manemane, akawekwa magharibi ya mji, mahali pa watu wa heshima. Kanopo nilikwenda baadaye. Umeridhika?

Na kuhusu huyo mgeni wako, angalia unampokea nani. Mji huu umejaa walaghai wanaozunguka na hadithi za misiba ya watu ili wapate chakula.

Sasa habari ya furaha, maana mwanamume hawezi kulia maisha yake yote. Nimechumbia. Jina lake Ptolema, binti wa mfanyabiashara mkubwa wa kitani, familia inayokaribishwa mezani kwa gavana. Baba yake anapenda sana kwamba nilimuuguza mke wangu hadi dakika ya mwisho huku matabibu wengine wakikimbia. Anasema mtu wa namna hiyo ndiye anayefaa kukabidhiwa binti. Harusi ni baada ya mavuno. Jiandae kuja, dada, na safari hii utapata wifi wa kujivunia.


Arsinoe, tarehe 6 Pakoni

Thaubasti kwa mdogo wake Nemesioni.

Mimi ni mzima. Mavuno yamekwisha, mpangaji ameiba kwa kiasi. Wifi yangu marehemu naye hajambo. Leo amekula dengu na vitunguu, akaomba aongezewe.

Soma tena sentensi hiyo kama unahitaji, nitakungoja.

Alifika katikati ya mwezi wa Mekiri kwa mashua ya nafaka iliyokuwa inarudi tupu. Nilisikia hodi, nikafungua, nikaona mwanamke mwembamba kama ufito, kichwa kimenyolewa, jicho la kushoto jeupe kama yai. Nyuma yake mwanamume mwenye kucha nyeusi. Nilidhani ni mzimu. Nilikimbia ndani, nikachukua mtungi wa maji ya hekalu, nikammwagia usoni. Mizimu haistahimili maji yale. Akajifuta, akasema, "Wifi, ni baridi."

Nilimkalisha. Sikumpa chakula mpaka aseme. Akasema kwa maneno machache, kama mtu anayesimulia habari za jirani. Siku ya tatu ya homa ulisimama mlangoni mwa chumba, hukuingia. Uliwaambia watumishi wambebe na mkeka wake mpaka uchochoro ulio nyuma ya bafu la mtaa. Aliomba maji. Ulikuwa dirishani juu na kitambaa chako puani, akakuona, ukajirudisha ndani. Halafu akasikia gari la nyumbu likitoka kwa mlango wa mbele, na mizigo, na sauti yako ukimhimiza mwendeshaji. Ile barua yako ya Kanopo, Nemesioni, uliiandika yeye akiwa bado anapumua.

Huyo mwenye kucha nyeusi anaitwa Horioni. Ni mchimba makaburi, nadhani ni yule uliyemcheka. Yeye na mkewe ndio waliomwokota. Walimlaza kwenye chumba chao kimoja, wakamnywesha uji wa shayiri kwa kijiko mpaka homa ikamwacha. Mke wa Horioni akashikwa yeye, akafa.

Nilimuuliza Horioni, "Mkeo alikuwa anamjua wifi yangu?"

"Hapana, mama."

"Alitarajia kulipwa?"

"Na nani?"

"Basi alimfia nini?"

Akajikuna shingo kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua. "Alikuwa na kiu," akasema.

Sijawahi kusikia jibu la kijinga kama hilo, na mpaka leo halitaki kunitoka kichwani.

Usidhani nimewapenda. Horioni alikula kwangu siku mbili na kunuka kwake kulibaki siku nne. Na wifi yako huyu, samahani, mkeo huyu, amekuwa mmoja wao. Walimchovya majini wakamfanya wao. Nyama ya hekaluni haigusi, eti imetolewa kwa sanamu. Mgeni anayechagua nyama, umewahi kuona? Kwa Sobeki hainamishi hata shingo. Anaimba akiosha vyombo, na sauti yake bado ni ile ya kukwaruza. Jana nilimwambia, "Zamani ulikuwa mshamba tu, sasa wewe ni mshamba mwenye imani." Akacheka na mdomo wazi.

Nilimuuliza kwa nini amekuja kwangu, wakati hajawahi kusikia neno zuri kinywani mwangu. Akasema, "Nilijua atakuambia nimekufa, nikaona utakata nywele bure." Nilikuwa nimefunga kilemba. Nikatoka nje kwenda kuwafokea kuku.

Pale nyuma ya karakana sasa chumba hakiwatoshi, wanakaa mpaka barabarani. Nilikuwa najiuliza watu wanafuata nini kwenye dini isiyo na hekalu, isiyo na maandamano, isiyo na hata mungu mwenye sura. Sijiulizi tena. Ninyi mnatupa, wao wanaokota. Kwa mwendo huo mtawajazia mji.

Nilikuuliza mara mbili ili useme ukweli. Mara ya kwanza hukujibu, mara ya pili ukanipa manemane na kitani safi. Uliandika kwamba neno lake la mwisho lilikuwa jina lako. Neno lake lilikuwa "maji".

Ukitaka kuoa, oa. Lakini kwanza njoo Arsinoe, simama mbele yake, mtazame hilo jicho, mpe talaka yake kama mwanamume. Sitaki machozi wala hotuba ya kanuni za utabibu. Njoo tu.


Iskandaria, tarehe 19 Mesore

Nemesioni kwa Thaubasti.

Barua yako ilichelewa sana kunifikia, na kazi zilinizidi.

Nitasema mara moja. Senamuni amekufa. Mwanamke uliyemweka ndani ni mlaghai aliyeokota habari za nyumba yangu kwa watumishi. Au kama si mlaghai basi ni mwendawazimu wa homa, na maneno ya mgonjwa wa homa hayana uzito popote.

Hata ingekuwa ndivyo, nasema ingekuwa, ungetaka nifanye nini? Tabibu akifa na mgonjwa mmoja, nani atawatibu mia? Wewe unakaa na mamba wako na kuku wako, hujui harufu ya nyumba yenye maradhi yale. Hujui unavyoona mtu anayeyeyuka mbele yako na unahisi koo lako mwenyewe linaanza kuwasha. Unanihukumu kwa kuwa niliishi. Hilo tu ndilo kosa langu.

Na ninashangaa mjane wa kuhani wa Sobeki anawakaribisha wasio na miungu. Amri mpya ya Makaisari imetangazwa: wakuu wao wapelekwe uhamishoni, mikutano yao ipigwe marufuku. Huu si wakati wa kuwa na mtu kama huyo jikoni. Mfukuze. Nakuambia haya kama ndugu anayekutakia mema. Usipomfukuza wewe, yatatokea mengine, na usije ukasema sikukuonya.

Harusi imesogezwa hadi mwezi wa Hathuri. Nadhani ni vyema usije.


Arsinoe, tarehe 25 Faofi, mwaka wa tano

Thaubasti kwa Nemesioni.

Nimeweka barua hii mpaka nimpate msafiri usiyemjua, ili usiikatae mlangoni.

Askari walikuja mapema mwezi huu, wawili, vijana wenye haya. Tulikuwa tunachambua maharage. Wakamtaja Senamuni kwa jina, na sura, na jicho. Katika Arsinoe nzima hakuna aliyejua jina lake halisi isipokuwa mimi, maana kwa majirani nilimwita mpishi. Kwa hiyo nilijua kabla hatujafika barazani kwamba aliyemtaja ni wewe.

Mkuu wa jimbo alikuwa ameketi kwenye baraza la soko, na joto lile, anajipepea. Watu walijaa, mavuno ya mizeituni yamewaleta mjini, na wafanyabiashara wa kitani kutoka huko kwenu walikuwepo wananunua. Mkuu namjua tangu enzi za mume wangu. Ni mvivu, mla bata, anamdharau kila mtu sawasawa, na kwa hilo ni mwadilifu.

Akamuuliza Senamuni, "Unaisujudu miungu?"

"Namsujudu Mungu mmoja, aliyeumba mbingu na nchi."

Nikaingilia kati. "Bwana mkuu, naapa kwa Sobeki, huyu aliugua kichwa na homa, hajui asemalo."

"Najua, wifi," akasema.

Nilitamani kumzaba kofi pale pale. Nimeapa kwa Sobeki kiapo cha uongo kwa ajili yake, mimi, mjane wa kuhani, na yeye anakirudisha kama sahani chafu.

Mkuu akaacha kujipepea. "Wifi? Barua niliyoletewa na tabibu Nemesioni wa Iskandaria inasema huyu ni mwanamke asiyejulikana, Mkristo, anayejifanya mke wake aliyefariki." Akamgeukia. "Wewe ni mke wake?"

Nikambana ubavuni kwa kiwiko: sema.

"Nilikuwa," akasema.

"Na wewe unaonekana hujafariki. Ilikuwaje?"

Hapo alikuwa na soko zima mbele yake. Neno moja tu lingetosha, na ulistahili elfu. Unajua alisema nini? Alisema, "Niliugua, naye akaogopa." Basi. Alilisema kama mtu anayesema mvua ilinyesha.

Nikamvuta kando. "Ndiyo hayo tu?"

"Ndiyo yaliyotokea, wifi."

"Alikutupa uchochoroni. Akakuzika kwa kalamu. Sasa anataka ufe mara ya pili kwa mkono wa serikali ili aoe."

"Nimekwisha kumsamehe."

Kumsamehe. Hilo ni neno la mtumwa ambaye hana fimbo ya kumrudishia bwana wake. Nilimwambia hivyo. Akaniambia, "Fimbo niliiona, wifi. Sikuitaka."

Basi nikaitaka mimi. Nilipanda kwenye ngazi ya baraza na goti langu bovu, nikasimulia. Mkeka, dirisha, kitambaa cha siki, gari la nyumbu, manemane. Nilitaja jina lako na la baba yetu, ili wasije wakamdhania Nemesioni mwingine. Nilimtaja Ptolema na baba yake. Wale wafanyabiashara wa kitani waliacha kupima vitambaa. Mmoja aliuliza, "Huyu si ndiye tabibu aliyemshika mkono mkewe mpaka mwisho?" Soko likacheka. Kicheko hicho kitakuwa kimefika Iskandaria kabla ya barua hii, maana kitani husafiri haraka kuliko mimi.

Mkuu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatema mbegu ya tende. Akasema, "Nimetumiwa amri ya kuhamisha maaskofu. Sikutumiwa amri ya kusafisha nyumba za matabibu." Akaamuru Senamuni atoke jimboni mwake kabla ya mwezi kwisha, ili asimwone tena. Chumba cha nyuma ya karakana kimepigwa muhuri. Wanakutana kwa muuza vitunguu, na mpangaji wangu mwizi ameanza kwenda. Sijui watamfanya nini huyo.

Nilidhani Senamuni angekwenda Memfisi, kuna binamu ya mume wangu huko, nikampa jina na njia. Akasema anarudi Iskandaria. Horioni ameleta habari kwamba maradhi yamewaka upya upande wa bandari.

"Na jicho moja?" nikamuuliza. "Kwenye mji uleule, uchochoro uleule?"

"Bado wanawatoa nje, wifi."

"Na wewe huna dawa hata moja."

"Sina."

Nikamwambia ni mjinga kuliko wote niliowahi kuwalisha. Akakubali. Nilimfungia mkate na dengu kavu na joho langu la baridi, ambalo alisema ni zito mno, nami nikamwambia anyamaze. Nilimsindikiza mpaka mferejini. Aliniinamia anibusu mkono, nikauvuta, halafu nikamrudishia, maana watu walikuwa wanatazama.

Yeye amekusamehe, na anataka ulijue hilo; aliniomba niliandike, nami nimeliandika. Mimi si mmoja wao. Mwaka huu sitakuja kwako, wala mwakani, na ukija Arsinoe utalala kwenye nyumba ya wageni kama mgeni mwingine yeyote. Nikisikia unaumwa sitakutumia hata neno la pole.

Lala usingizi, Nemesioni, usihofu mtu kugonga. Ameshafika Iskandaria sasa, lakini mlangoni kwako hatabisha. Hana haja na waliomo ndani.